Dawa Niliyompaka Meneja

"Mmempaka nini huyu paka?"

Daktari aliuliza bila kututazama. Mama mtu mzima, mkali, miwani imeshuka puani. Alikuwa ameinamia meza ya chuma, mkono mmoja amemshika Meneja kifuani, mwingine unampapasa mgongo. Meneja alikuwa anatetemeka mwili mzima. Masikio yanarukaruka, ngozi ya mgongo inacheza yenyewe, na meza ikiguswa kidogo tu anashtuka.

"Hatujampaka kitu, daktari," mchumba wangu akajibu. "Asubuhi nimemwacha mzima. Nimekwenda kununua vitambaa, narudi namkuta hivi chini ya cherehani."

"Na wewe, kijana?"

"Mimi?"

"Kuna kijana mwingine humu ndani?"

"Hapana, daktari. Sijui kitu."

Nilisema hivyo. Kwa kinywa changu mwenyewe, na kichupa cha dawa kikiwa mfukoni mwa ovaroli yangu.

Ngoja nikueleze, ili ukinitukana ujue unanitukania nini. Mimi ni fundi friji. Mchumba wangu ni mshonaji. Anashonea sebuleni kwa marehemu mama yake, kwa cherehani ya marehemu mama yake, na Meneja ni paka wa marehemu mama yake. Jina hilo alilipata kwa tabia ya kukaa juu ya meza ya kukatia vitambaa na kuwakodolea wateja macho kama wamechelewa kazini. Mchumba wangu nilimwita Mkasi, kwa ajili ya ulimi wake. Yeye aliniita Fundi.

Posa ilishakubaliwa, imebaki tarehe tu. Na kila nikiuliza tarehe, jibu lilikuwa lilelile:

"Subiri Meneja apone kwanza, Fundi. Siwezi kumhamisha akiwa hivi."

Na kweli alikuwa anaumwa. Anajikuna na kujilamba mchana kutwa. Manyoya yalikwisha kuanzia kiunoni mpaka kwenye shina la mkia, mapaja kwa ndani yakabaki ngozi tupu, na ukimpapasa shingoni unahisi vigaga vidogovidogo. Mkasi mara aseme ni fangasi, mara ni upele, mara ni uzee. Miezi mitatu! Nikachoka. Mwanamume mzima na posa yangu, nimezuiwa na paka.

Asubuhi ile nilikwenda kutengeneza friji kwa mteja mmoja mwenye mbwa wawili. Nikamsimulia shida yangu. Akanipa kijichupa: "Dondoshea hii shingoni, kesho tu hajikuni." Kwenye pakiti pamechorwa mbwa. Nikajiambia, mnyama ni mnyama. Mkasi alipotoka nikaingia, nikamshika Meneja, nikamdondoshea yote. Nilitaka akirudi amkute katulia, na mimi nipewe tarehe yangu. Akili yangu iliishia hapo.

"Daktari, atakufa?" Mkasi aliuliza.

"Akianza degedege, anaweza. Nikwambie kweli, mwanangu, hapa nabahatisha. Kama amekula sumu, nafanya mambo mengine. Kama ni kitu cha kwenye ngozi, nafanya mengine kabisa. Nikikosea, ndiyo basi."

"Huyu ndiye aliyelala miguuni kwa mama siku zote za ugonjwa wake." Sauti ilimkatika. "Nikimpoteza huyu, nimemzika mama mara ya pili."

Nikasema natoka kupokea simu. Hakukuwa na simu. Nilisimama kwenye korido nikampigia kaka yangu.

"Kaka, nimeua paka."

"Paka wa nani?"

"Wa Mkasi."

"Mama yangu! Amekuona?"

"Hapana."

"Basi funga mdomo. Paka hawezi kukusema. Akifa mlieni, mzikeni, halafu muoane. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Nilimsikia, na nisikufiche, kwa muda kidogo nilikubaliana naye. Akifa, kizuizi kimeondoka. Wazo hilo lilipita kichwani kwangu mimi, mtu ninayejiona mwema, na nikajiogopa.

Nikarudi ndani. Mkasi alikuwa ameshika mguu wa mbele wa Meneja, anambembeleza kwa neno moja tu, "baba, baba, baba." Nikatoa kile kijichupa na pakiti yake mfukoni.

"Daktari, ni hii. Nimempaka mimi."

Daktari alisoma pakiti, uso ukambadilika.

"Hii ya mbwa! Dawa iliyomo humu mbwa anaivumilia, paka inamuua. Umempaka saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Mlete kwenye sinki. Maji ya vuguvugu, si ya moto! Chukua hiyo sabuni ya kuoshea vyombo. Sugua shingoni. Sugua, unamwonea huruma sasa?"

Tulimwosha mara tatu. Daktari akamchoma sindano ya kulegeza misuli, akamwekea dripu, akamfunika taulo. Muda wote huo Mkasi alisimama ukutani. Alipofungua mdomo, aliongea polepole.

"Umesimama hapo unamwangalia anavyotetemeka. Daktari anakuuliza. Ukasema hujui."

"Mkasi, naomba nikueleze..."

"Usiniite Mkasi. Toka, muuaji wewe."

Kabla sijafika kwangu ujumbe ukaingia: *Usinipigie. Usije nyumbani. Nitamwambia shangazi avunje posa.*

Nikajibu: *Nimestahili. Naomba tu uniruhusu niende kumwona Meneja.*

Hakujibu. Nikaenda hivyohivyo kule kwa daktari, alikolazwa. Yeye alikuwa anakwenda asubuhi, mimi alasiri nikitoka kazini, hatukutani. Siku ya kwanza Meneja alikuwa bado anatetemeka. Siku ya pili yalibaki masikio tu. Siku ya tatu alikula, akanigeuzia mgongo. Nililia palepale mbele ya kizimba chake, na daktari akajifanya hanioni.

Jioni hiyo daktari alinipigia.

"Kijana, kesho saa nne uje. Na yeye nimemwita."

"Daktari, hataki kuniona."

"Sijakuuliza hilo. Mgonjwa wangu anatunzwa na watu wawili wasiosemezana, maelezo ya dawa nimpe nani? Njoo."

Nilimkuta Mkasi ameshafika. Amekaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani, macho yamevimba. Nikamsalimia, akaitikia kwa kichwa. Daktari akamweka Meneja mezani.

"Sumu imekwisha. Sasa tutibu kilichowaletea balaa. Nimemmulika kwa taa ya fangasi, hana. Nimemkwangua ngozi nikatazama kwenye hadubini, wadudu wa upele hakuna. Sogeeni hapa."

Tukasogea, huyu huku, huyu kule. Daktari akapitisha kichana chenye meno ya karibukaribu mgongoni, akakikung'uta juu ya karatasi nyeupe iliyolowa maji. Vikadondoka vipunje vyeusi. Akavisugua kwa kidole, vikaacha rangi ya kutu.

"Mnaiona? Damu hiyo. Ni kinyesi cha viroboto. Kiroboto mwenyewe humwoni, paka akijilamba anammeza. Ngozi ya Meneja haipatani na mate ya kiroboto. Akiumwa na mmoja tu, anajikuna siku nyingi. Ndiyo sababu ya hivi vigaga, ndiyo sababu ya hiki kipara."

"Inatibika?" niliuliza.

"Tena bila shida. Dawa ya kuua viroboto, ya paka, kila mwezi. Matandiko yake yafuliwe kwa maji ya moto, nyumba ifagiliwe mpaka kwenye kona." Akafungua faili, miwani ikashuka zaidi. "Siku ile ya sumu sikuwa na muda wa kupekua karatasi. Nimepekua jana. Mwanangu, ulimleta hapa miezi mitatu iliyopita. Nikakwambia hayahaya. Nikakupa dawa ya miezi mitatu. Ulimtia?"

Mkasi akanyamaza.

Ule ukimya niliujua. Nilikuwa nao mimi, chumba hichohicho, meza hiyohiyo. Ningeweza kumrukia hapo hapo. Siku tatu nimelala naitwa muuaji! Lakini nilimwona anavyoukaza mkono kwenye mkoba, nikauma ulimi. Nilijua neno lile lazima alitoe mwenyewe.

"Sikumtia," alisema.

Akafungua mkoba, akatoa pakiti, akaiweka mezani. Vichupa vitatu, hakuna hata kimoja kilichofunguliwa.

"Ulisahau?" daktari akauliza.

"Sikusahau. Kila mwezi nilishika kichupa mkononi. Nikawa nawaza, akipona tutapanga tarehe, na tukipanga tarehe nitahama. Nikihama, ile nyumba inafungwa, na mama ndiyo amekwenda moja kwa moja." Akanigeukia. "Nikamwacha ajikune mpaka atoke damu, Fundi. Ili nisikwambie kwamba naogopa."

Hasira ilinipanda. Sitakudanganya.

"Na ukaniita muuaji."

"Nilikuita."

"Ukijua."

"Nikijua."

"Ningemtibu na nini mimi, wakati dawa umeificha wewe?"

"Hukupaswa kumtibu kwa kujificha!" Sauti ilipanda, ikashuka hapohapo. "Na mimi sikupaswa kujificha. Haya, tukana. Nimekaa siku tatu nasubiri unitukane."

Daktari akagonga meza kwa kichana.

"Mimi natibu ngozi. Hayo mengine mtayamalizia kwenye benchi nje. Ila kabla ya hapo, mmoja amshike, mwingine amtie dawa. Nataka nione kwa macho yangu."

Nikamshika Meneja. Mkasi akatenganisha manyoya pale shingoni nyuma, ambapo paka hafiki kwa ulimi, mpaka ngozi ikaonekana. Nikaushika mkono wake kwa wangu, tukakiminya kichupa pamoja, tone kwa tone.

Kwenye benchi nje tulikaa na kapu la Meneja katikati yetu. Nikauliza lililokuwa linaniuma.

"Hukutaka kuolewa na mimi?"

"Nilitaka. Sikutaka kuhama."

"Mbona hukusema?"

"Ungesema nini? Wewe una chumba chako umeshapaka rangi. Umeshanunua mpaka pazia."

"Ningesema nahamia mimi kwako."

Akacheka bila furaha.

"Watu watasema nimekuoa mimi."

"Waseme, midomo ni yao. Friji nitatengeneza nikilala popote. Pazia nitalileta kwako ulipunguze, maana hata vipimo nilikosea."

Hapo akalia. Alilia kweli, kilio cha mtu aliyekibana tangu msibani. Nilimwacha alie, nikashika kapu lisianguke.

"Daktari kasema manyoya yataota baada ya miezi miwili, mitatu," nikasema alipotulia. "Tumsubiri?"

"Hapana. Tusimsubiri tena. Tupange leo."

"Na shangazi? Si umemwambia avunje posa?"

"Sikumwambia."

Nikamtazama. Alikuwa anakunjakunja ncha ya khanga.

"Kuna jingine hujaniambia?" nikamuuliza.

"Lipo." Akaiachia khanga, akanitazama usoni. "Mimi nilikusamehe palepale ulipotoa kile kichupa mfukoni. Nilikufukuza kwa sababu wewe uliweza kusema, na mimi nilikuwa nimesimama ukutani na yangu, nikashindwa."

Nikalisogeza kapu upande wa pili wa benchi, nikakaa karibu yake.

Tulioana Jumamosi ya tatu baada ya siku ile, sebuleni kwa mama yake, cherehani imesukumwa kando. Kaka yangu alishangaa kumwona paka yuko hai, na Meneja alipita mbele ya wageni wote na kipara chake mgongoni.