Mfuko wa Kuponi

Saa 3:10 asubuhi

Chumba cha nyuma cha baa ya Corrie, mjini Amsterdam, kilinuka bia ya jana. Rinus aliweka glasi mbili mezani.

"Hii hisa. Hii kuponi za gawio. Teun, mweleze huyu asiyesoma."

"Kasome na mama yako," Corrie akajibu. Yeye ndiye dereva.

Teun alikuwa karani wa soko la hisa. Miaka kumi na moja akiandika ubaoni bei za mali za wenzake. Alichoka.

"Hisa zenyewe hazina jina," alisema. "Aliyezishika ndiye mwenyewe. Ila bila karatasi ya kuponi za kuchukulia faida hakuna atakayezinunua. Ndiyo maana matarishi ni wawili, kila mtu na njia yake. Bram anabeba hisa. Hessel kuponi."

"Baba mkwe wako," Corrie akachomekea.

"Mzee asiguswe. Nitamwambia ofisi inautaka mfuko. Ataniamini."

"Hataguswa," Rinus alisema. "Na kwa nini asikuamini? Kila Jumapili unakula kwake."



Saa 4:35

Kichochoroni, Bram alipigwa rungu moja tu. Chini. Rinus akaruka garini na mfuko wa hisa.

Saa 4:41

Hessel alikuwa darajani, anamalizia samaki wa heringi, mbichi, na vitunguu.

"We kijana! Wamekufukuza kazi?"

"Ofisi wanautaka mfuko, baba. Kuna kasoro."

"Kasoro kila wiki! Haya." Mzee akavua mkanda wa mfuko, kisha akatoa kidaftari. "Saini."

"Hata mimi, baba?"

"Hata malkia. Mfuko hauniachi bila saini. Mwezi ujao nastaafu, na sijapoteza hata bahasha."

Kalamu ikaganda. Jina la uongo lingemzamisha mzee: wangesema kampa mwizi, tena wamegawana. Teun akaandika jina lake kamili. Hessel hakulisoma hata.

"Jumapili mje mapema. Mama kapata sungura mnono."

Saa 4:46

Gari lilisubiri kwenye kona, ukingoni mwa mfereji. Rinus alitoa mkono dirishani.

"Lete. Mbona umekawia?"

"Nilikuwa nasaini."

"Unasaini? Jina la nani?"

"Langu. Kwenye kidaftari cha mzee."

Rinus alimtazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua. "Punguani wewe! Anacho hicho kidaftari?" Akashuka na kisu. "Babu hajafika mbali."

"Ulisema hataguswa!"

"Nilisema saa tatu."

Teun akautupa mfuko mferejini. Ukazama. Hisa zote za kiti cha nyuma zikawa karatasi za kufungia samaki.

Kisu kikamwingia chini ya mbavu. Akapiga ukelele. Corrie hakungoja mtu. Alikanyaga mafuta, Rinus akilikimbiza gari huku akitukana.

Saa 4:49

Hessel alifika akihema. Akapiga magoti, akakandamiza kidonda kwa viganja viwili.

"Tulia, mwanangu. Wezi, eh? Wamekupora?"

Angeweza kuitikia kwa kichwa. Ingetosha.

"Ofisi haikunituma, baba. Ni mimi. Tulipanga mimi na wao. Bram naye wamempiga."

Mikono ya mzee ikainuka. Damu ikapata njia, ikamwagika juu ya mawe. Watu walikuwa wanakusanyika. Hessel alitazama mikono yake, akamtazama mume wa binti yake.

Kisha akairudisha, akakandamiza kwa nguvu mpaka Teun akapiga yowe, wala hakulegeza.