Mlango Uliomwita Mke Mgeni

"Mgeni, tafadhali subiri. Wenye nyumba hawapo."

Mlango ndio uliosema hivyo, kwa sauti laini ya kike. Mwanamke aliyesimama mbele yake, begi begani na kikapu mkononi, alidhani hakusikia vizuri. Akafuta kile kioo kidogo cha mlango kwa ncha ya kitambaa chake, akakisogezea uso tena.

"Mgeni, tafadhali subiri."

"Mgeni wa nani? Mapazia yote ya humo ndani nimeshona mimi!"

Mlango ukarudia yale yale.

Alikuwa ametoka kumuuguza mama yake miezi kadhaa, mpaka mama akaweza kunyanyua kikombe mwenyewe. Mumewe ni fundi wa hii milango mipya isiyo na tundu la ufunguo, inayomjua mtu kwa uso. Anaifunga kwenye nyumba za watu, na wa kwanza kabisa aliufunga kwake. Ulijua nyuso mbili tu, za mume na mke. Na alivyojua yeye, wa kumfuta mtu kwenye kumbukumbu ya mlango ni mwenye nyumba, hakuna mwingine.

Tena jana mumewe alikuwa amemtumia ujumbe: "Mke wangu, usirudi wiki hii. Kaa kidogo na mama. Nitakueleza."

Ndiyo sababu amerudi leo.

"Jirani, umerudi? Jamani ulivyokonda!" Jirani wa upande wa pili alikuwa anaanua nguo. "Mbona huingii?"

"Mlango hautaki."

"Mh! Mimi si mtu wa maneno, lakini..."

"Lakini nini?"

"Mumeo halali humu siku hizi. Taa haiwaki. Asubuhi anapita, anausemesha mlango polepole, kisha huyo anaondoka."

"Anauambia nini?"

"Sikusikia. Na nilisikiliza sana."

Mke akaweka kikapu chini. Akakaa kwenye ngazi, akampigia mumewe simu.

"Mke wangu! Mama anaendeleaje?"

"Mama hajambo. Jana ulilala wapi?"

Fundi akakohoa, akauliza tena hali ya mama.

"Mume wangu, niko mlangoni kwako naitwa mgeni. Kama umepata mwingine sema, nirudi kwa mama nikajue moja."

"Uko mlangoni? Usiondoke! Nakuja!"

Akaja mbio, jasho linamtiririka, shati limejikunja kama limetoka kwenye chupa.

"Simama hapo hapo," mke akasema. "Ongea kutoka huko."

"Naapa sijakufuta."

"Nani kanifuta basi?"

"Tumefutwa wote. Angalia." Akasogeza uso kwenye kioo.

"Mgeni, tafadhali subiri."

Jirani akaangua kicheko, akajifunika shuka aliloanua.

"Tulipoongea kwa video niliona mashavu yako yameingia ndani," fundi akasema. "Nikawaza, mlango huu hautamjua mke wangu. Atarudi amechoka, umsimamishe nje mtu wangu. Nikachapisha picha yako, nikaushikia ili uizoee. Ukadhani mwizi kaja na sura ya bandia. Ukajifunga, ukatufuta wote."

"Wewe? Unayewakataza wateja wako kuuonyesha picha?"

"Mimi huyu huyu."

"Na unalala wapi?"

"Karakana. Juu ya makatoni."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aibu. Ulishaniambia mlango huu utakuja kututoa nje. Nikasema nitalimaliza kabla hujaja. Kumbe kampuni inataka sauti za wote wawili tuliojiandikisha. Bila yako haufunguki."

"Asubuhi ulikuwa unauambia nini?"

Fundi akaangalia viatu vyake. "Nilikuwa naiga sauti yako."

"Iga nisikie."

"Mke wangu..."

"Iga!"

Akaiga. Hata mkewe alibana midomo asicheke, akashindwa kidogo.

Basi fundi akaipigia kampuni, akasema jina la ukoo wake na siku mlango ulipowekwa. Kampuni ikauwasha mlango usikilize sauti zao. Ukalia, ukauliza:

"Bibi, mtu aliye pembeni yako ni nani wako?"

Mke aliupa mlango kisogo. Alimtazama fundi, uso wote haukuwa na kicheko tena.

"Nimekaa kwenye ngazi hizi nikijua ndoa yangu imekwisha. Kwa aibu yako tu."

"Nisamehe."

"Ukivuruga kitu, niambie siku ile ile tucheke wote. Usiniache nilie peke yangu kwanza."

"Nimesikia. Sitarudia kukuficha."

"Jibu halijasikika," mlango ukasema. "Mtu huyu ni nani wako?"

"Na wewe subiri!" mke akaugeukia. "Huoni naongea na mume wangu?"

"Asante," mlango ukajibu. Kitasa kikalia, ukafunguka wenyewe taratibu. "Karibuni nyumbani."

Fundi akachukua kikapu na begi, mkewe akatangulia kuingia.