Pwani ya Wapi?

Kwaru, kwaru, kwaru. Kabla ya mapambazuko Mariette alisikia shitingi ya plastiki ikiburutwa sakafuni. Alikuwa mume wake, Baudouin, baba wa mtoto wao Élyse.

"Papa Élyse, shitingi ya nini saa hii?"

"Ya maharage. Ninaenda kuyang'oa yote."

"Yote? Bado mabichi!"

Baudouin akabonyeza simu. Sauti aliyotumiwa ikapiga kelele: "Kimbunga kinakuja! Mvua kubwa pwani!"

Mariette akashika kichwa. Mwezi uliopita sauti nyingine ilisema visima vitakauka. Baudouin akajaza maji hadi kwenye sufuria za kupikia. Sasa maharage! Hayo ndiyo chakula chao, na mbegu yao pia.

Shamba lao la Rubondo, wilayani Isingiro, liko karibu na ziwa. Mariette alipofika, mistari miwili ilikuwa imeng'olewa.

"Simu inasema, wewe unakimbia! Kesho ikisema uoe mbuzi?"

"Nitakuuliza wewe kwanza."

Jirani yao Marcienne, anayepima mvua shuleni, alikuwa anapita na bidoni ya maji kichwani. Aliitua. Kabla ya kusema neno, alimsaidia Mariette kuokota maharage. Baudouin akamwekea ile sauti, akaikatiza kwenye neno "pwani".

"Papa Élyse, hiyo pwani ni ya wapi?"

"Si hii?" Baudouin akaonyesha ziwa. "Kwetu Baraka, tulikotoka, pwani ni fasi ya mitumbwi, mahali popote inapoegeshwa."

"Isikilize mpaka mwisho."

Baudouin akabonyeza tena, sauti ikaendelea: "...pwani ya Bahari ya Hindi..."

"Bahari!" Mariette akafoka. "Hukumaliza hata kusikiliza!"

Marcienne akasema polepole, "Kimbunga hupata nguvu kwenye bahari yenye joto. Kikiingia nchi kavu, hupungua. Tena hubadili njia, ndiyo maana wataalamu hukifuata kila siku. Habari ya jana si ya leo. Ukisikia tangazo, uliza: fasi gani? Siku gani? Nani anasema? Kisha sikiliza utabiri wa Isingiro kwenye redio ya Mbarara. Mvua kubwa hata huku huja, lakini ina tangazo lake."

Tangu siku hiyo walisikiliza redio kila jioni. Wiki ya tatu redio ikatangaza: mvua kubwa Isingiro, Alhamisi. Maharage yalikuwa yamekauka. Jumatano waliyang'oa, wakayaingiza ndani, wakayafunika kwa shitingi. Wakachimba mfereji kuzunguka nyumba.

Alhamisi mabati yalinguruma usiku kucha. Hakuna punje iliyolowa.

Ijumaa Marcienne alikuja kuwajulia hali. Wakamjazia kikapu cha maharage. Alipoaga, Mariette alimshika mkono.

"Mama Marcienne, tafadhali, rudi tena kesho. Papa Élyse ametumiwa sauti nyingine."