Posa Katikati ya Kampeni

Fuso lilikuwa limeziba mlango wa duka la Atupele tangu asubuhi, na Atupele hakuwa mtu wa kuzibiwa mlango akanyamaza.

Siku hiyo foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia ilikuwa imejaa barabara kuu ya Tunduma mpaka ikamwagikia mitaani. Madereva walichomeka magari popote palipo na upenyo, hata juu ya mabomba ya maji. Katikati ya moshi na vumbi, wauza mayai walipishana na vijana wa kubadili kwacha. Atupele, amevaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa kama lilishonewa mwilini, alichukua mita ya mbao anayopimia mashuka, akaenda kugonga mlango wa lori.

"Wewe uliyelala humo! Shuka!"

Kioo kikateremka. Akachungulia kijana mrefu mwenye shati jeupe lililokunjamana na macho ya usingizi.

"Shikamoo, dada."

"Shikamoo ya nini? Nimekuzaa?"

"Kwa hasira hizo, nimeona nianze na heshima."

Watu wakacheka. Atupele akabana midomo ili asicheke naye.

"Toa gari. Wateja wangu wanapita chini ya tumbo la Fuso lako kama kuku."

"Nina maharage ya kutoka Isansa humu. Mbele foleni, nyuma foleni. Nipae?"

"Paa!"

Hakupaa. Alishuka, akaingia dukani kuomba radhi, akatoka na shuka ambalo hakulihitaji. Jioni foleni iliposogea, aliondoka na namba ya simu ambayo aliihitaji sana.

Jina lake Raphaeli, mnunuzi wa mazao wa Mlowo. Tangu siku hiyo, kila safari ya mpakani ilipita kwa Atupele, na kila mara Fuso liliegeshwa palepale, "kwa leo tu, mpenzi." Atupele alimpa jina la Bwana Foleni.

"Umekula, mama wa mashuka?" Raphaeli alikuwa akimuuliza kwenye simu.

"Nimekula vumbi la gari lako, Bwana Foleni. Linashibisha."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mtaa mzima wa Migombani ulijua kabla wao wenyewe hawajakubali.

Halafu lori moja lilirudi nyuma vibaya, likapasua bomba kuu la mtaa. Miezi ikapita, wanawake wakipanda kilima na madumu, na Mzee Asajile, mwenyekiti wa mtaa, akisema, "Tunalifanyia kazi." Asajile alikuwa mcheshi, hakosi msiba wala harusi, ila kuzuia malori kulimshinda. Ndipo wanawake walipojaa dukani kwa Atupele, wakiongozwa na Pili, mama lishe na rafiki yake wa chanda na pete.

"Katika mtaa huu ni wewe tu umewahi kulifokea lori," Pili alisema. "Gombea."

Wakamchukulia fomu, Atupele akaijaza. Raphaeli alipopata habari alipiga simu akicheka kwa furaha. "Kuanzia leo nakuita Mheshimiwa wangu."

Ucheshi wa Asajile ukageuka upanga. Katika mkutano wa kwanza alishika kipaza sauti, akasema kwa upole kabisa, "Ndugu zangu, nyumba isiyo na baba inalindwa na nani? Na dada yetu, hana mume, anataka kuulinda mtaa mzima!"

Walicheka hata baadhi ya waliomchukulia Atupele fomu. Kilichomuuma zaidi ni hicho. Alipomsimulia Raphaeli kwenye simu, sauti ilimkatika.

"Niachie mimi," Raphaeli akasema.

"Nikuachie nini?"

Simu ilikuwa imekwisha kukatwa.

Haraka haraka haina baraka, na mwanamume mwenye hasira ya kupenda ana haraka kuliko mwizi. Siku chache baadaye Atupele alikuwa akikunja mashuka aliposikia gari la matangazo la Asajile likipita taratibu, muziki juu.

"Tunampongeza dada yetu Atupele kwa kupata mchumba! Washenga wamefika leo kwa kaka yake! Dada anaolewa Mlowo! Jamani Migombani, mwenyekiti akiwa Mlowo, mtamwita kwa simu?"

Pili alikuja mbio, mwiko bado mkononi. "Atu, ni kweli unaolewa?"

"Sijui."

"Hujui kama unaolewa?"

Atupele alifunga duka, akaenda moja kwa moja kwa kaka yake Ambakisye. Alimkuta sebuleni, barua ya posa mezani juu ya kitambaa cheupe, uso wake umetulia kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Nimeipokea," Ambakisye akasema. "Kijana ana kazi, anasali, ana adabu."

"Bila kuniuliza mimi?"

"Wewe uliniuliza ulipokwenda kugombea? Baba hayupo, Atu. Kwenye haya nasimama mimi. Uenyekiti wa mtaa haukupi nyumba wala mtoto. Achana nao, uolewe."

Atupele alitoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Njiani alipiga simu.

"Raphaeli, nani alikutuma?"

"Mheshimiwa wangu, walisema huna mume. Nikaona niwafunge midomo."

"Umenifunga mimi."

"Nilitaka kukusitiri!"

"Nilikuwa uchi?" Sauti ilimpanda, watu wakageuka. "Mwenyekiti lazima awe mkazi wa mtaa. Sasa wote wanasema mimi napita tu, kama malori yenu. Wiki nzima nimegonga milango ya watu, wewe umeifunga kwa siku moja!"

Raphaeli akauliza polepole, "Kwa hiyo hunitaki?"

"Umesikia nikisema sikutaki?"

"Sijasikia ukisema unanitaka."

"Kwani umeniuliza? Umemuuliza kaka yangu!"

Akakata. Raphaeli hakupiga tena, siku hiyo wala zilizofuata. Atupele aliitazama ile simu mpaka akaichukia. Alikuwa na hasira naye na alikuwa amemkumbuka, na vyote viwili vilimkosesha hamu ya kula.

Kila nyumba aliyoingia kuomba kura sasa ilimpokea kwa tabasamu la pole. "Tungekupa, binti, ila wewe si unaondoka?" Pili alihesabu hasara kwa macho na kuja na dawa.

"Kesho mkutano wa kufunga kampeni. Kata mzizi wa fitina. Panda jukwaani, sema posa umeikataa. Kura zitarudi zote."

"Lakini sijaikataa, Pili."

"Nani kasema iwe kweli? Hii siasa. Ukishashinda mtapatana."

"Nimkane mbele ya watu, halafu nimwombe radhi chumbani?"

"Basi mimi sina dawa nyingine," Pili akasema.

Uwanja ulijaa. Atupele alivaa gauni la kitenge cha bluu lenye mabega ya kupanda na kilemba cha rangi hiyohiyo. Upande wa kulia alimwona Ambakisye, mikono kifuani. Asajile mwenyewe alikuja kusikiliza, amekaa kivulini na wapambe wake. Na nyuma kabisa, pembeni ya muuza chipsi, lilisimama shati jeupe analolijua.

Alizungumzia bomba, alizungumzia malori, watu wakasikiliza kwa adabu tu. Wakati wa maswali aliinuka Mama Bushra, mjane mwenye nyumba ya vyumba vya kupangisha, mmoja wa wale waliomchukulia fomu.

"Binti yangu, kura yangu ninayo mkononi. Sitaki maneno mengi. Unaolewa Mlowo, au huolewi?"

Shingo zote zikamgeukia Atupele.

"Sema hapana," Pili akanong'ona nyuma yake. "Neno moja tu, Atu."

Neno moja lingempa kiti. Atupele alilisikia limefika ulimini. Akatazama kule kwenye shati jeupe, akalimeza.

"Mama, posa imekuja. Sijaikataa."

Minong'ono ikapanda. Mpambe mmoja wa Asajile akapiga mluzi.

"Na sijaikubali, maana mimi mwenyewe sijaulizwa." Akavuta pumzi. "Mwanamume aliyeileta nampenda. Yupo hapa, na asikie. Lakini Mlowo siendi. Nimeyabeba madumu ya mtaa huu pamoja nanyi, na bomba likitengenezwa nitakinga maji pamoja nanyi. Anayenitaka atanikuta Migombani. Kama hawezi, posa yake irudi kwa amani."

Wanawake wakapasua vigelegele. Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Makubwa! Huyu anataka kuoa mwanaume!" Kicheko kikaenea mpaka nyuma, kikamkuta Raphaeli amesimama peke yake. Raphaeli akainamisha kichwa, akageuka, akaondoka.

Atupele aliuona mgongo wake ukipotea kati ya malori. Aliendelea kuongea juu ya bomba mpaka mwisho, kwa sababu ndilo lililowaleta watu pale, na akashuka jukwaani akiwa na hakika kwamba amepoteza vyote.

Hakupoteza vyote. Alishinda, ingawa watu waliomfanya amzidi Asajile wangeenea kwenye Fuso moja. Asajile, lazima tumpe haki yake, alikuja mwenyewe kumpa mkono na funguo za ofisi.

"Hongera, Mwenyekiti. Ule mlango hukwama. Usukume kwa bega."

Wanawake walimbeba juu juu wakiimba. Atupele alilia, watu wakasema ni furaha. Pili pekee ndiye aliyejua, akamfuta machozi. Ambakisye naye alikuja, hajui aweke wapi mikono yake.

"Wa Mlowo bado wanangoja jibu, mdogo wangu. Niwaambieje?"

"Waambie nilijibu uwanjani, kaka."

Baada ya kuapishwa alifungua ofisi kwa bega, kama alivyoelekezwa. Watu walikwisha kupanga mstari kwenye benchi la nje: huyu anataka utambulisho wa benki, yule kamwagiwa maji machafu na jirani. Aliwahudumia mmoja mmoja mpaka adhuhuri.

"Anayefuata!"

Mlango ukakwama, ukasukumwa kwa bega. Akaingia Raphaeli, shati jeupe limepigwa pasi, begi mkononi, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

Atupele aliiweka kalamu mezani. "Shikamoo ya nini? Nimekuzaa?"

"Nimeona nianze na heshima. Safari iliyopita nilianza bila."

"Shida yako?"

"Mimi ni mkazi mpya. Nimepanga chumba kwa Mama Bushra. Mgeni si huja kujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa?"

Atupele alishika ukingo wa meza. "Na Mlowo?"

"Ghala nimemwachia mdogo wangu, mimi nitauza huku. Baba hasemi nami. Anasema nimeolewa." Raphaeli alitabasamu, lakini macho yalikuwa na maji. "Siku ile uwanjani niliona aibu, Atu. Si kwa kuchekwa. Niliona umebanwa juu kule kwa sababu yangu, na bado hukunikana. Ningekuwa mimi, ningekukana. Nilishindwa kukutazama."

Nje, benchi zima lilikuwa limehamia dirishani.

"Swali nililompelekea mtu mwingine, nimelileta kwa mwenyewe," Raphaeli akasema. "Utakubali niwe mume wako, hapahapa Migombani?"

Atupele alinyoosha shingo akatazama dirishani, juu ya vichwa vya watu, mpaka barabarani.

"Fuso umeegesha wapi?"

"Nimeliacha maegeshoni kule Mpemba, nje ya mji. Nimekuja kwa miguu."

Atupele akavitazama tena vile viatu, vumbi la njia nzima ya kutoka Mpemba, na hapo machozi na kicheko vikamtoka pamoja.

"Ndiyo," akasema. "Nimekubali. Ila watu hawa walikutangulia. Kakae kwenye benchi, Bwana Foleni, nikimaliza nitakuita."

Vigelegele vikapasuka dirishani. Raphaeli akachukua begi lake, akatoka, akaenda kukaa mwisho wa mstari.