Radi Iliyopita kwenye Waya wa Eria

Kila jioni, Tusajigwe akishateleka ndizi jikoni, mumewe aliwasha redio. Mumewe aliitwa Asukile, mkulima wa kahawa chini ya mlima Rungwe. Kijiji kizima kilikuwa na redio hiyo moja tu. Ilitumia betri kubwa. Waya wake wa eria, ule unaonasa sauti angani, ulifungwa kwenye mwanzi mrefu uani. Majirani walikuja na vigoda vyao. Hata waliogombana asubuhi shambani walikaa pamoja, kimya.

Jumapili moja mtangazaji akasema, "Jumapili ijayo, saa saba mchana, mtasikia kwaya ya Rungwe."

Vigelegele vikapigwa. Watu wa redio walikuwa wamefika kanisani kwao na mitambo, wakanasa nyimbo. Aliyeongoza wimbo alikuwa Marta, mama yake Tusajigwe, kikongwe asiyeona vizuri.

"Mnanitania," alisema Marta. "Mimi nimekaa hapa. Sauti yangu itatokaje Dar es Salaam?"

"Utasikia mwenyewe, mama," alijibu Tusajigwe. Lakini aliogopa. Kikohozi kilikuwa kinamchosha mama yake, na wimbo kama huo haurudiwi kila wiki.

Jumanne mvua ikanyesha. Radi ikapiga mti nyuma ya nyumba. Redio ikalia ta! Kisha kimya.

Asukile akawa mbogo. "Nilikukataza kuanika nguo kwenye waya wa eria! Umeiua redio!"

"Khaa! Kanga yangu ndiyo iliyoita radi?" Tusajigwe alijibu kwa ukali, lakini shaka ikamwingia. Je, kama ni kweli? Mama akose wimbo wake kwa sababu ya kanga moja?

Asukile akaweka betri mpya. Kimya. Akaipiga redio makofi, maskini, kana kwamba ina masikio. Kimya vilevile.

Ijumaa Tusajigwe akaifunga redio mgongoni kama mtoto. Wakapanda lori la kahawa hadi Mbeya mjini, kwa fundi Kasian. Huyu alikuwa mtu wa Iringa, na kazi ya redio alijifunza jeshini wakati wa vita.

Kasian hakuuliza nani mwenye kosa. Aliuliza, "Ilinyamaza lini? Kulikuwa na nini siku hiyo?" Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akachomoa waya za betri.

"Nguvu ya humu inaweza kumrusha mtu," alisema. "Msiifungue wenyewe nyumbani."

Akapima betri kwa mita, chombo chenye sindano cha kupimia umeme. Sindano ikaruka. "Betri ni nzima. Tuendelee." Akainama pale waya wa eria unapoingilia, akanusa. "Njoo unuse, mama."

Tusajigwe akanusa. Kulinuka kama nywele zilizoungua.

"Radi ilipiga karibu," Kasian alieleza. "Nguvu yake ikafuata waya wa eria, ikaunguza koili hii, huu waya uliozungushwa. Kanga haina kosa hata kidogo."

Tusajigwe akamtazama mumewe. Asukile akatazama viatu vyake.

Kasian akaisuka upya ile koili, kwa waya mwembamba kama unywele. Akarudisha betri, akawasha. Kimya.

"Basi, imekufa," alisema Asukile. "Twende zetu."

"Subiri, bwana. Nguvu ile ikipita, huweza kuharibu vitu viwili, hata vitatu. Ndiyo maana hatubahatishi. Tunapima kimoja kimoja."

Akazima, akatoa taa ndogo za kioo, zinazoitwa valvu. Zilikuwa nne. Valvu ya kwanza, sindano ikaruka. Ya pili na ya tatu, ikaruka. Ya nne, sindano ikalala tuli.

"Uzi wa ndani umekatika," alisema Kasian. Akaweka valvu nyingine.

Redio ikavuma. Sauti ya mwanamume ikajaa chumbani. Tusajigwe akashika mdomo. "Ee Mungu wangu!" Kumbe mtu anaweza kutafuta kifo ndani ya sanduku, akakikuta, akakitoa!

"Sasa sikilizeni," alisema Kasian. "Mkiona mawingu yanakusanyika, chomoeni eria, waya ubaki nje. Fanyeni hivyo mapema. Radi ikishaanza kupiga, msiuguse kabisa."

"Ndaga fijo, fundi," alisema Tusajigwe. Asante sana.

Jumapili nyumba ilifurika. Wimbo ukaanza. Marta akatega sikio.

"Mwe! Huyu mama anaimba vizuri. Ni mtoto wa nani?"

Watu wakacheka hadi machozi. "Ni wewe, mama!"

"Acheni utani. Mimi siimbi hivyo."

Ubeti ukaisha. Redioni, mwanamke akakohoa kidogo. Marta akashika kifua.

"Kikohozi hicho ni changu," alinong'ona.

Akasimama taratibu, akaanza kuimba pamoja na sauti yake mwenyewe. Hakuna mwingine aliyethubutu kufungua mdomo. Tusajigwe alilia waziwazi, wala hakuona haya.

Wimbo ulipokwisha, mawingu meusi yalikuwa yanapanda kutoka upande wa ziwa. Hakuna aliyemkumbusha Asukile. Alichomoa eria, akautoa waya nje. Kisha akaianua kanga ya mkewe iliyoanikwa uani, akaikunja vizuri, akampa.