Mwenye Chumba cha Uyoga

Uyoga haunuki asumini. Jedida alilijua hilo vizuri, kwa sababu ndiye aliyeyachemsha mabua ya mahindi ya kuuoteshea na kuyakamua kwa mikono yake, na harufu aliyoizoea ilikuwa ya udongo uliolowa. Lakini Joram mumewe, kila alipotoka katika ile stoo, alinukia asumini mbichi kama bwana harusi.

Ilikuwa miaka ya themanini, hoteli za Waitaliano zikichipuka Malindi kila upande, na Joram alikuwa mpishi katika mojawapo. Bosi wake alirudi kutoka kwao na sanduku la karatasi ngumu, ndani yake mfuko wa mabua yaliyoingia utando mweupe. Akamwambia auweke gizani na kuunyunyizia maji, naye angevuna uyoga wa kuwapikia wageni. Joram akauweka katika stoo ya nyumba waliyopanga mtaa wa Barani, na ulipoota, akaugawa ule utando, ndio mbegu yake, katika mifuko mingine ya mabua. Hadi hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya ulianza alipopenda mno kunyunyizia maji.

Maana ni mtu gani anayenyunyizia maji mchana kutwa? Alirudi kutoka zamu ya asubuhi, jua la utosi, hakula, hakuuliza habari za nyumbani, akaingia gizani na kufunga mlango. Jedida akabaki na ugali unaopoa. Watu husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na Jedida, ambaye hakuwa mpole hata siku ya harusi yake, akaenda mlangoni kukisikiliza hicho kikohozi. Alimsikia Joram akinong'ona kwa sauti ambayo yeye hakuisikia tena tangu walipotoka bara. Kisha akasikia mwanamke akicheka.

Aliusukuma mlango. Joram alikuwa amechutama peke yake mbele ya mifuko, kopo la maji mkononi.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo malaya unayecheka naye!"

"Funga mlango, Jedida. Mwanga unauharibu uyoga."

Alisema hivyo bila kumtazama, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Akatoka mbio hadi kwa mwenye nyumba, Bi Kamaria, mwanamke wa ukoo wa zamani pale mjini, ambaye pia alikuwa fundi wa kupunga pepo.

"Shikamoo, Bi Kamaria."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu?"

Jedida akamweleza. Bi Kamaria akachungulia barazani kama kuna mtu, kisha akashusha sauti.

"Stoo ile mwaiingia kwa hodi?"

"Hodi kwa nani? Si ni stoo ya mizigo tu?"

"Mna mwenyewe mle, tangu enzi za nyanya yangu. Jini wa kike. Apenda giza na unyevu, na akimpenda mwanamume hataki mshirika. Siku mlipohamia niliwaambia, hata maji ya moto msimwage nyumba ile bila kusema 'pisheni', msije mkamuunguza. Ngoja nitafute ubani na marashi, nije niseme naye kwa heshima."

"Mimi ni mtu wa kanisa, Bi Kamaria. Nimheshimu mwanamke anayeniibia bwana?"

"Ngoja, nakwambia."

Hasira ni hasara, lakini nani aliwahi kumwambia hivyo mwenye wivu akasikia? Alasiri ya pili yake, Joram akiwa kazini zamu ya mchana, Jedida aliteka ndoo ya maji yaliyokuwa yakitokota katika pipa la mabua, akaingia stoo bila hodi wala pisheni, akaimwagia mifuko yote, na mvuke ulipopanda na uyoga ukaanza kunywea, harufu ya asumini ikageuka harufu ya nyama inayoungua, na kutoka sakafuni, kutoka ukutani, kutoka pale pale alipokuwa amesimama, ukelele wa mwanamke ukapanda, ukazidi kupanda hata kuku wa jirani wakanyamaza, naye akaitupa ndoo na kukimbilia uani, akajikuta anacheka kwa furaha huku meno yakigongana.

Kabla ya magharibi Joram aliletwa amebebwa. Wenzake walisema hakuguswa na moto wala mafuta. Alipiga ukelele tu katikati ya jiko akaanguka. Mgongo wake wote ulikuwa malengelenge.

Bi Kamaria alikuja na chetezo. Hakumlaumu mtu. Alifukiza ubani kitandani, akamnyunyizia mgonjwa marashi, akauliza taratibu, "Wataka nini, bibi?"

Midomo ya Joram ikafunguka, sauti ikatoka ya kike. "Nimechomwa ndani ya nyumba yangu. Sina pa kukaa. Nipeni kiti, ama namchukua huyu twende zetu."

"Kiti ni mtu," Bi Kamaria akamnong'oneza Jedida. "Ataka mwili wa kukalia. Ningeweza kumbembeleza, lakini mumeo hatafika asubuhi."

Jedida alimtazama mumewe. Kifo hakikumtisha sana. Kilichomtisha ni hilo neno, twende zetu: wale wawili pamoja, mahali ambapo yeye hangeweza kutega sikio mlangoni.

"Anikalie mimi," akasema. "Lakini bwana abaki."

"Umefikiri, mwanangu?"

"Abaki kwangu!"

Baridi ikamwingia kisogoni, ikashuka uti wa mgongo polepole, ikajaza mabega, ikajaza mikono hadi kwenye kucha, ikamsukuma ndani na ndani zaidi hadi akawa anaona chumba kwa mbali, Bi Kamaria akirudi nyuma hadi ukutani, na kitandani Joram akiketi, mgongo wake laini, hauna hata lengelenge moja.

Joram aligeuka, akamtazama mkewe machoni kwa mara ya kwanza tangu sanduku lile liingie nyumbani. Akamshika mkono.

"Pole, mpenzi wangu," akasema. "Amekuunguza wapi?"

Jedida alitaka kusema kwamba yeye ndiye Jedida. Lakini mdomo wake ukacheka kwa upole, ukajibu kwa Kiswahili cha watu wa mji ambacho hakuwahi kukisema.

"Mgongoni, bwana wangu. Hebu nipulizie."

Joram akampulizia taratibu, mkono wake ukimpapasa nywele. Na Jedida, huko ndani alikosukumwa, akamwonea wivu mwanamke aliyekuwa akibembelezwa, wala hakuwa na mdomo wa kumtukana.