Kibuyu Alichokikataa Selestine

"Anywe! Asiyekunywa mkononi mwetu ni mgeni, si mkwe!"

Sauti ya baba mdogo Kagaruki ilipenya mpaka chumbani, nilikokuwa nimefichwa na shangazi Clotilda, nimefunikwa kitambaa, nasubiri kuitwa. Mahari ilishapokelewa. Kwetu hapa Kitendaguro lilibaki jambo moja: mkwe apewe kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, anywe mbele ya watu, ndipo biharusi atoke.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Selestine.

"Evelyne, wamenipa kibuyu. Siwezi."

Nikamjibu: "Usinywe. Nipo."

Shangazi alichungulia simu. "Si anywe kidogo tu, mwanangu? Funda moja litamfanya nini?"

"Baba yake alianza na funda moja, shangazi."

Mzee Karugendo, baba yake Selestine, alimalizwa na gongo kule Ngenge, Muleba. Kaka yake mkubwa akafuata njia hiyo hiyo. Selestine hajawahi hata kuonja. Daktari alimweleza wazi: hatari ya uraibu hurithiwa, na mwili wake unaweza kunasa upesi kuliko wa mwingine, ila hakuna anayezaliwa mlevi. Asipoanza, pombe haina pa kumshikia.

Na habari za ukoo huo alizileta nani? Kagaruki huyo huyo! Mwezi uliopita alikwenda Ngenge kuwachunguza, akarudi na kumwambia baba, "Joackim, usimtoe mtoto. Wale wana ulevi kwenye damu." Baba akayumba, nusura avunje uchumba. Leo mtu yule yule anamsukumia mwenzake kibuyu! Jamani!

Nje nikamsikia Selestine. "Nisameheni, waitu, wazee wangu. Sidharau mila. Naogopa kilichomo."

"Mnaona?" Kagaruki akacheka. "Mwanamume mzima anaogopa lubisi! Joackim, warudishie mahari yao."

Nikavua kitambaa. Shangazi akanidaka mkono.

"Hujaitwa!"

"Nimejiita mwenyewe."

Nikatoka. Watu wakaguna, wengine wakashika midomo. Selestine alisimama katikati ya uwanja, kibuyu mkononi, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, baba mdogo. Nina swali. Akinywa, utasema damu ya baba yake imejitokeza. Asipokunywa, unasema ametudharau. Ulitaka anioe kwa njia ipi?"

"Binti, rudi ndani!"

"Sijamaliza. Babu Mwijage, baba yako mzazi, alikufa kwa ugonjwa gani?"

Kagaruki akatazama pembeni.

"Ini," akasema.

"Ini lake liliharibiwa na nini? Msibani mkasema jirani kamloga, mkamsusia mama wa watu mpaka akahama! Na mlijua ni pombe. Hiyo damu unayomsimanga nayo Selestine unayo wewe, anayo baba, ninayo mimi. Watoto wetu wanaweza kuirithi pande zote mbili. Basi nataka baba yao awe mtu anayeijua hatari na kujilinda. Nionyesheni mwingine hapa!"

"Evelyne, usigombane na wazee kwa ajili yangu," Selestine akasema taratibu.

"Nagombana kwa ajili yangu!"

Wote wakamgeukia baba. Alikuwa ameketi na kibuyu chake mwenyewe kati ya miguu, kama alivyoketi kila jioni tangu nipate akili. Niliogopa. Neno lake moja lingetosha kumrudisha Selestine Ngenge bila mimi.

"Bernadina," akamwita mama. "Leta kahawa."

Mama akaja mbio na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile tunayowakaribishia wageni. Baba akachukua punje mbili. Moja akaitia mdomoni, nyingine akaiweka kwenye kiganja cha Selestine.

"Tafuna, mwanangu. Mke umepata."

Vigelegele vikapasuka. Shangazi Clotilda, aliyenikataza kutoka, ndiye aliyepiga cha kwanza.

"Na lubisi je?" Kagaruki akafoka. "Mila tunaitupa?"

"Mila ni kumpokea mkwe. Nimempokea."

Kisha baba akainama, akakiokota kibuyu chake. Mkono ulimtetemeka mpaka lubisi ikamwagikia kanzu. Akamnyooshea Selestine.

"Kamwage na hiki," akasema. "Mimi mwenyewe nimejaribu kuiacha miaka mingi. Nimeshindwa."